Mkoba wa majeruhi wa kijeshi kwenye boti ya Lamu: tathmini ya vifaa

Mkoba huu wa kitambaa kigumu, unaoingia kwenye viganja viwili na kufungwa kiunoni au nyuma ya kiti cha gari, umetoka jeshini ukaenea kwa mashirika ya misaada, walinzi wa hifadhi na wenye boti za kasi. Ndani yake kwa kawaida mna mkanda mmoja wa kubana damu, gozi (shashi) ya kugandisha damu, bandeji ya kukandamiza, vibandiko viwili vya kuziba tundu la kifua, mpira wa kupitisha hewa puani, glovu, mkasi wa ncha butu na kalamu. Wenye vifaa halisi hugharimu zaidi ya dola 100 kabla ya usafiri na ushuru. Ile inayouzwa kwa robo ya bei hiyo tutaifikia.

Tuseme hukumu mapema: vifaa vingi ni vizuri sana, mpangilio wake haufai Lamu. Mkoba ulipangwa kwa kijana mwenye afya, aliyevaa kofia ya chuma na fulana ya kuzuia risasi, ambaye helikopta iko njiani. Mwaka 2009 Robert Gates, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Marekani, aliagiza majeruhi wa Afghanistan wachukuliwe na kufikishwa kwenye matibabu ndani ya dakika 60. Mkoba unatosha kwa dakika hizo 60. Majeruhi wa Kiunga au Kizingitini anayepelekwa hospitali ya King Fahd kisiwani Amu anasubiri kwanza boti ipatikane, kisha mafuta, kisha ruhusa ya kusafiri ikiwa ni usiku, kisha maji. Bahari ikipwa, mlango wa bahari uitwao Mkanda, kati ya Manda na bara, haupitiki kwa boti iliyolemewa, na wakati wa kusi kuzunguka nje ni kazi ya manahodha wachache. Akihitaji kupelekwa Mombasa au Nairobi kwa ndege, atavushwa tena kwa boti, kwa kuwa uwanja wa ndege uko Manda, ng'ambo ya mji. Kwa hiyo mkoba wa Lamu unapimwa kwa saa, na ni hapo unapopwaya.

Haja yenyewe haina ubishi. Tangu shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, ambapo zaidi ya watu 60 waliuawa, barabara za kuelekea msitu wa Boni na mpaka wa Somalia zimetegwa mabomu mara nyingi, na zahanati za wadi ya Basuba zimewahi kufungwa kwa sababu ya usalama. Hata pasipo vita, mkoba huohuo ndio utakaotumika kwa mguu uliokatwa na pangaboi la mota, panga lililoteleza shambani Witu, au bodaboda iliyoingia chini ya lori barabara ya Garsen. Pengine kwa hayo utatumika mara nyingi zaidi kuliko kwa bomu.

MKANDA WA KUBANA DAMU

Hiki ndicho kifaa kinachostahili pesa zako, na ndicho kinachoghushiwa kuliko vyote. Unaojulikana zaidi ni CAT, ulioingia jeshi la Marekani mwaka 2005. Toleo lililoenea sasa ni la saba. Una utepe wa velkro wenye upana wa sentimita 3.8, bizimu moja, kijiti kigumu cha kukazia, kishikizo cha kuzuia kijiti kisirudi, na kipande cheupe au cha kijivu cha kuandikia saa. Mkanda halisi huuzwa karibu dola 30. Ukiuziwa kwa dola 6 au 7 sokoni au kwenye mtandao, umeuziwa sanamu ya mkanda: kijiti cha bandia hupinda au kukatika palepale unapofikia nguvu ya kuzuia damu, na mshono wa kishikizo huachia.

Namna ya kupima shehena ni kununua mmoja zaidi ya unaohitaji. Ufunge kwenye paja la mtu mzima mwenye misuli, kaza hadi mapigo ya juu ya wayo yapotee, ushike dakika moja, kisha ufungue. Kijiti kikipinda kama upinde, rudisha shehena yote. Mkanda uliopimwa hivyo hauingii tena mkobani, unabaki wa mafunzo. Nyuzi zake zimekwisha kuvutwa na plastiki imekwisha kuchoshwa.

Namna ya kuufunga inajulikana na wengi, na bado wengi hukosea pahali pamoja. Mkanda hukaa sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, upande wa moyo, na kamwe si juu ya goti au kiwiko. Ikiwa ni giza, nguo zimelowa damu na jeraha halionekani, ufunge juu kabisa ya paja au ya mkono, hata juu ya nguo, baada ya kutoa simu na funguo mfukoni. Vuta utepe kwa nguvu zako zote kabla ya kugusa kijiti. Hapa ndipo makosa yanapotokea. Utepe ukiachwa umelegea hata ukaingiza vidole vitatu chini yake, kijiti kitazunguka mara nne, mara tano, kitambaa kikunjamane, na damu iendelee. Utepe ukivutwa sawasawa, mizunguko nusu mitatu ya kijiti kwa kawaida inatosha. Ukiona umepita hapo na damu bado inatoka, usilazimishe kijiti: legeza, vuta utepe upya, anza tena. Damu ikikataa, funga mkanda wa pili kando ya wa kwanza, upande wa juu.

Mkanda uliofungwa vizuri unauma vibaya sana. Majeruhi atalia, ataomba ulegezwe, na jamaa zake botini watamsaidia kuomba. Maumivu hayo hayana maana kwamba umekosea. Uliofungwa nusunusu ndio wa hatari zaidi, maana huzuia damu inayorudi moyoni na kuruhusu inayokwenda, na jeraha huvuja kuliko mwanzo. Hatari ya pili ni ile desturi ya kulegeza kila nusu saa "ili mguu upate damu". Haifai hata mara moja. Kila ulegezapo, donge la damu iliyoganda linang'oka, na damu inayomwagika hairudi.

Andika saa. Na andika kwa mtindo wa saa 24, yaani 15:20, usiandike "saa tisa na dakika ishirini". Nahodha anaposema saa tisa na daktari aliye upande wa pili wa simu akaandika 9:00, tofauti ni saa sita nzima, na kwa mkanda huu saa sita ndiyo mpaka wenyewe. Kwa ufupi mipaka ni hii. Chini ya saa mbili, kiungo hakina shaka kubwa, na mhudumu aliyefunzwa anaweza kujaribu kubadilisha mkanda kuwa bandeji ya kukandamiza. Baada ya saa mbili madhara ya misuli na mishipa ya fahamu huanza kuongezeka. Zikipita saa sita, mkanda haufunguliwi njiani kabisa, unaachwa hadi hospitalini penye daktari na vipimo, kwa sababu sumu iliyojikusanya kwenye misuli iliyokufa ikiachiliwa kwa ghafla inaweza kusimamisha moyo na kuharibu figo.

Kubadilisha huko ndiko mkoba wa kijeshi usikokufikiria, na kwa safari ya kutoka vijiji vya mbali kama Ishakani au Mkokoni ni lazima kufikiriwe. Masharti ni matatu: majeruhi asiwe kwenye mshtuko wa kupungukiwa damu, jeraha liweze kutazamwa muda wote, na kiungo kisiwe kimekatika kabisa. Yakitimia, jaza jeraha kwa gozi, kandamiza, funga bandeji ya nguvu juu yake, kisha legeza kijiti polepole kwa muda wa dakika nzima. Mkanda uache palepale ukiwa umelegea, tayari kukazwa. Damu ikipenya bandeji, kaza na usijaribu tena. Fanya hivi gati, au ndani ya nyumba kabla ya kuondoka. Botini, gizani, mawimbi yakipiga, usifanye.

Mkoba una mkanda mmoja. Bomu la barabarani huchukua miguu yote miwili. Boti iwe na minne, angalau miwili.

Na pasipo mkanda? Leso inafaa kuliko mshipi wa suruali, ambao ni mgumu kupinda na haukazi hata uvutwe vipi. Kunja leso kuwa ukanda wa upana wa sentimita 5, zungusha mara mbili, funga fundo, weka kijiti kigumu cha unene wa kidole gumba, funga fundo la pili juu yake, zungusha, kisha kifunge kijiti chenyewe kisirudi. Kamba ya nailoni ya kuvulia usiiguse, inakata nyama. Hata leso iliyofungwa vizuri hushindwa mara nyingi, kwa hiyo mtu mwingine aendelee kukandamiza jeraha wakati unahangaika na kijiti.

GOZI YA KUGANDISHA DAMU

QuikClot Combat Gauze ni gozi ya upana wa sentimita 7.5 na urefu wa mita 3.7, iliyotiwa kaolini, udongo mweupe unaoharakisha kuganda. Ni kwa sehemu zisizofungika mkanda: kinena, kwapa, shingo. Haiingizwi kifuani wala tumboni. Celox, inayotumia kitosani kutoka maganda ya kamba wa baharini, inafanya kazi hiyohiyo na bei inakaribiana. Pakiti moja ya aina yoyote ni dola 40 kwenda juu.

Tunaipa alama ya juu kwa kazi yake na alama ya chini kwa namna inavyouzwa. Wauzaji wanaisifu kama dawa, na wanunuzi huishia kuiweka juu ya jeraha kama plasta. Ufundi uko kwenye kujaza. Futa damu iliyojaa shimoni, tafuta kwa kidole pale inapotokea, bana hapo, kisha ingiza gozi kidogokidogo kuelekea kidole hicho bila kuondoa mkandamizo, hadi shimo lijae na rundo libaki juu ya ngozi. Kandamiza kwa mikono miwili iliyonyooka, uzito wote wa kiwiliwili juu yake, kwa dakika 3. Kwa gozi ya kawaida iliyo safi, kandamiza dakika 10. Tazama saa, maana mtu aliyeinama juu ya damu huona dakika moja ni tano. Usichungulie katikati.

Gozi ya kawaida, ikijazwa hivyo na kushikiliwa hivyo, hufanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwa bajeti ya zahanati, pakiti moja ya QuikClot na mizunguko sita ya gozi ya kawaida ni mpangilio bora kuliko pakiti mbili za QuikClot peke yake. Shimo moja la paja linaweza kumeza mizunguko miwili. Idadi ya gozi ulizoingiza iandikwe, na vifuko vyake vitupu vifungwe pamoja na majeruhi, ili daktari wa upasuaji ajue ni ngapi za kutoa.

Bandeji ya kukandamiza, ile yenye upana wa sentimita 15 na kipande cha plastiki cha kugeuzia utepe, haina makuu na haina kasoro. Ongeza ya pili.

KIFUANI

Vibandiko vya kifua ndivyo vinavyoaibika zaidi pwani. Vimeundwa vishike kwenye ngozi yenye jasho na damu, na vikiwa vipya hushika. Lakini mkoba uliokaa miezi kwenye sanduku la boti, joto la mchana na unyevu wa chumvi, gundi yake huwa imeyeyukia kwenye karatasi. Tathmini yetu kwa vibandiko vilivyohifadhiwa botini ni mbovu. Kwa vilivyohifadhiwa nyumbani na kutolewa siku ya safari, nzuri. Futa ngozi kwa kitambaa kikavu mara mbili, bandika mtu anapotoa pumzi, na tafuta tundu la pili mgongoni na kwapani, maana risasi na vipande vya chuma havitoki pale vilipoingilia. Chagua vyenye vali ya kutoa hewa. Baada ya kubandika, majeruhi akizidi kuhema, shingo ikavimba mishipa na upande mmoja wa kifua usinyanyuke, inua ukingo mmoja wa kibandiko hewa itoke.

Mikoba mingine ina sindano nene ya kutoboa kifua ili hewa iliyonaswa itoke, geji 14, yenye urefu wa sentimita 8.25. Ni ya daktari, tabibu au muuguzi aliyefunzwa. Kama timu yako haina mtu huyo, itoe umpe aliye naye. Ikibaki mkobani, siku ya fazaa kutakuwa na mtu wa kuijaribu.

KISICHOMO, NA KINGEPASWA KUWAMO

Kwanza ni asidi ya traneksamiki, TXA kwa wahudumu. Ni dawa ya kupunguza kutokwa damu, ya zamani, rahisi, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO, na ampuli zake zinapatikana kwenye maduka ya dawa ya hospitali. Utafiti wa CRASH-2, uliochapishwa 2010 na kuhusisha majeruhi 20,211 katika nchi 40, ulionyesha vifo vya asilimia 14.5 kwa waliopewa dawa na 16.0 kwa wasiopewa. Kipimo cha utafiti ule ni gramu 1 kwa dripu ya dakika 10, kisha gramu 1 nyingine kwa saa 8. Mtoto hupewa miligramu 15 kwa kila kilo, isizidi gramu 1. Jambo lenyewe liko kwenye muda: kadiri inavyotangulia ndivyo inavyookoa, na zikipita saa 3 tangu kuumia haipewi, kwa kuwa baada ya hapo vifo vya kutokwa damu viliongezeka. Kwa maneno mengine, dawa hii ikikaa kabatini King Fahd, majeruhi wengi wa visiwa vya mbali na vijiji vya Boni wataikuta imechelewa. Mahali pake ni zahanati ya kijiji na mkoba wa mhudumu mwenye leseni. Anayeichoma haraka bila dripu atamshusha majeruhi presha. Dakika 10 ni dakika 10.

Pili ni joto. Watu hucheka ukiwaambia majeruhi wa Lamu atakufa kwa baridi. Aliyepungukiwa damu, amelowa maji ya bahari, amelazwa kwenye fiba ya boti inayokwenda kasi usiku, joto lake hushuka chini ya nyuzi 35 upesi, na damu iliyopoa haigandi hata ukiwa na gozi ya dola 40. Blanketi la foili lililomo kwenye baadhi ya mikoba linafaa ndani ya gari. Botini upepo hulipasua kabla ya kufika Manda. Vua nguo zilizolowa, mfunike leso kavu au blanketi la kawaida, kisha foili, kisha turubai jepesi juu ya vyote, na pembe zikunjwe chini ya mwili. Chini yake weka godoro au maboya ya kuokolea; baridi nyingi inapanda kutoka chini.

Tatu ni watoto. Mpira wa puani uliomo ni wa mtu mzima, na mkanda haumshiki mtoto mchanga. Kwa mdogo kiasi hicho tumia mikono na gozi, na kwa hewa mlaze kwa ubavu. Nne ni kinga ya jicho: kikombe kigumu cha plastiki kinachofunika bila kugusa. Mabomu ya barabarani hurusha changarawe machoni, na mtu wa kwanza huweka pamba na kukaza bandeji, akalikamua jicho lililopasuka. Kitako cha chupa ya maji kilichokatwa na kuzungushiwa plasta ukingoni kinatosha.

Na kisichopaswa kuwamo: uzi na sindano za kushonea, ambazo mikoba ya bei nafuu hupenda kuziweka mbele ili ionekane imejaa. Jeraha la risasi au la bomu halishonwi siku hiyo. Madaktari wa upasuaji wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu hulisafisha, hukata nyama iliyokufa, huliacha wazi, na hulifunga baada ya siku 4 au 5 likiwa safi. Kushona mapema ni kufungia uchafu na vijidudu ndani. Badala ya uzi, weka kadi ya plastiki yenye nafasi za jina, saa ya kuumia, saa ya mkanda, dawa iliyotolewa na mzio. Chanjo ya pepopunda na viuavijasumu vitasubiri kituo, ila vitajwe kwenye simu mapema.

RANGI YA MKOBA

Hapa tathmini yetu ni kali. Mkoba wa madoa ya kijeshi au kijani cha jeshi haufai mikononi mwa raia yeyote Lamu. Kwenye kizuizi cha mji wa Hindi au gati la Mokowe, askari wa doria ana haki ya kuuliza umepata wapi. Na ukikutana na wale wengine msituni, wanaotega mabomu, mkoba huo unasema wewe ni wa upande fulani kabla hujafungua kinywa. Mikataba ya Geneva ya 1949 inawalinda wahudumu wa tiba na majeruhi bila kujali upande, na Baraza la Usalama lilirudia hayo Mei 2016 kwa azimio 2286, miezi michache baada ya hospitali ya shirika la tiba la Médecins Sans Frontières kushambuliwa kwa ndege huko Kunduz, Afghanistan, Oktoba 2015, wakafa watu 42. Karatasi hizo hazizuii risasi. Zinachokupa ni nafasi ya kutambulika, na mkoba wa kijeshi unaipoteza nafasi hiyo kwa bure.

CAT hutengenezwa pia kwa rangi ya machungwa kwa waokoaji wa kiraia, na bluu kwa mafunzo. Nunua ya machungwa. Mkoba uwe mwekundu, wa machungwa au wa bluu iliyokolea. Alama ya msalaba mwekundu usiichore: ni ya huduma za tiba za majeshi na ya vyama vya Msalaba Mwekundu, na kila anayeibandika ovyo anapunguza thamani yake kwa wanaoihitaji. Msalaba mweupe kwenye kijani ndio wa huduma ya kwanza, na maneno "HUDUMA YA KWANZA" yanatosha. Ndani ya kifuniko bandika orodha ya vifaa na idadi, pamoja na nakala ya leseni ya mhudumu kama kuna dawa. Ukaguzi utakwisha haraka. Kisu, darubini na redio ya mkononi visichanganywe humo.

Mkoba haukufundishi namna ya kulifikia jeraha, na wengi hufa hapo. Penye bomu moja huwa pana la pili, lililowekwa kwa ajili ya wanaokuja kusaidia. Usikimbilie. Simama mbali, muite anayeweza kutembea aje kwako kupitia alama za magurudumu alizopitia, na mwelekeze kwa sauti ajikandamize mwenyewe. Ambulensi haibebi mtu mwenye silaha, hata kama ni majeruhi askari. Bunduki yake inabaki na wenzake. Kuhusu msafara wa kusindikizwa na polisi, kuna barabara ambazo huna hiari. Ukiwamo, acha nafasi kubwa kati ya ambulensi na gari la askari, maana gari hilo ndilo linalolengwa.

CHUMVI

Kitambaa cha mkoba kimeandikwa kuwa hakipitishi maji. Hakipitishi mvua. Kwenye mashua kikilala kwenye maji ya ngama, yaani yanayotuama chini ya chombo, kwa saa moja kinajaa. Weka mkoba ndani ya mfuko wa plastiki nene unaokunjwa mdomo mara tatu na kubanwa, au ndoo ya lita 20 yenye kifuniko cha kukaza. Ndoo inaelea, inakaliwa, na haivutii wezi. Velkro iliyoingia mchanga haishiki, kwa hiyo mikanda ibaki kwenye vifuko vyake hadi siku ya safari, kisha itolewe na kukunjwa tayari. Usiifunge nje ya fulana au kwenye nguzo ya boti ikipigwa na jua. Mikanda iliyokaa nje kwenye mazingira ya Afghanistan ilipolinganishwa na ambayo haikukaa humo, ya nje ilishindwa zaidi, na jua la Lamu lina chumvi juu yake.

ALAMA NA UNUNUZI

Ukinunuliwa na kutumika kama ulivyo: 2 kati ya 5. Ukipangwa upya kwa mikanda minne ya machungwa, gozi za kawaida sita, bandeji mbili, blanketi na turubai, kinga ya jicho, kadi, na TXA ikiwa kuna mwenye leseni: 4. Nyota ya tano tumeizuia kwa sababu ya vibandiko. Kwa boti ya kijiji isiyo na pesa hizo, mikanda miwili halisi, gozi ya kawaida na leso kavu ndani ya ndoo vitafanya sehemu kubwa ya kazi.

Agiza moja kwa moja kwa wakala anayetambuliwa na mtengenezaji, na ukipokea angalia nambari ya shehena na tarehe ya mwisho kwenye kila kifuko. Tenga sehemu ya bajeti kwa mafunzo ya nusu siku, na wafunzwe manahodha na mabaharia kabla ya maofisa, maana wao ndio hukuta damu kwanza. Gozi na vibandiko vilivyopitwa na tarehe usivitupe: viandikwe MAFUNZO kwa kalamu nyekundu pande zote mbili, vitolewe botini siku hiyohiyo, na vitumike kujazia shimo lililokatwa kwenye kipande cha nyama ya ng'ombe kutoka buchani.